Mwanamke wa Mtandio wa Njano

Benchi letu limeegemea mlango wa karakana ya Seremala, na mlango wenyewe umefungwa tangu tulipomzika mkewe. Benchi hili alilitengeneza yeye, enzi hizo akitutania kwamba makalio yetu yatachakaa kabla ya mbao zake. Sasa mguu mmoja umelegea. Ukikaa vibaya, kahawa inakumwagikia mapajani, na mtu wa kuupiga msumari yuko nyumba ya pili kutoka hapa, amejifungia chumbani na simu. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo mdomo wangu una haki ya kuwapo. Wengine ni Redio, kinyozi, ambaye hanyoi kichwa bila kukipakia habari. Hakika, mlinzi mstaafu, tuliyemwita hivyo kwa sababu hajapata kusema hajui kitu. Na Fundi Simu, ambaye meza yake iko ukutani hapo hapo na huongea akiona haja. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamekaa chini, wateja hawapo, na maneno yakaja yenyewe.

Redio: Juzi nimemfuata Seremala na mkasi mpaka mlangoni, nimnyoe bure. Kafungua upenyo tu. Ndevu zile, ndege akipita anataga.

Hakika: Anacheza gemu.

Redio: Gemu ni mambo ya watoto. Yule ni mtu mzima, vitanda vya mtaa mzima katengeneza yeye.

Hakika: Hili si la watoto. Unaingia msituni mikono mitupu. Unakata miti, unajenga nyumba, unalima, unapika. Usipokula unakufa, usipowasha moto theluji inakugandisha.

Mimi: Si ndiyo maisha haya haya? Kwa nini asiyafanye huku nje, na sisi tukapata benchi?

Hakika: Kule mbao hazipindi, bi mkubwa. Na hayo anayolima, wapo wanaoyala.

Redio: Akina nani?

Hakika: Watu wa mbali huko. Wao wamekaa tu, yeye anawalimia. Wakishiba wanambadilishia msimu ili alime tena.

Redio: Umewaona?

Hakika: Nitawaonaje na wako mbali?

Redio: Mimi naona anahama. Anahama kidogo kidogo. Yalianza macho, ikafuata mikono, sasa hata hamu ya kula imeshavuka. Siku moja tutavunja mlango tukute shati na suruali vimekaa kitandani, mwenyewe hayumo.

Mimi: Nyinyi mna shati. Mimi nina nilichokisikia.

Wakanigeukia wote. Hapo ndipo kahawa huwa tamu.

Mimi: Chumba changu na chake ukuta ni mmoja. Jana nimekaa zangu, sina habari na mtu, sauti ikanijia.

Redio: Sauti ilikujia, au sikio liliifuata?

Mimi: Unataka habari au hutaki? Nimemsikia anabembeleza: "Ingia ndani, baridi hii itakuumiza. Moto nimeshakuwashia." Halafu: "Kula basi, hata kidogo."

Redio: Mwanamke huyo.

Hakika: Hakika. Amemtoa kule ndani. Siku hizi wanatoka. Kuna mmoja alinunua simu kubwa, haukupita muda akawa anapakua sahani mbili.

Redio: Na kaburi la mwenzake udongo haujashikana.

Mimi: Mimi sikusema mwanamke. Nimesema kasema "kula, hata kidogo." Hata paka hula kidogo.

Hakika: Paka anawashiwa moto?

Fundi Simu hata kichwa hakuinua. Tulikuwa bado tunampima yule mwanamke, mimi nimeshampa na rangi ya midomo, mara akatokea msichana ameshika kitu kimefungwa kwenye leso. Ni binti wa Seremala, aliyeolewa mji mwingine; alikuwa amekuja kumtazama baba yake.

Binti: Shikamooni.

Tukaitikia kwa pamoja, kama watu wasiokuwa wakimsema mtu. Akaenda moja kwa moja kwa Fundi Simu, akaifungua leso. Ndani mna simu, kioo chake kimebinuka kama kuna kitu kinakisukuma kutoka chini.

Binti: Imezimika alfajiri, fundi. Tangu hapo baba hajakaa chini. Anazunguka tu chumbani.

Fundi Simu: Betri imevimba. Hii haikuwa inapumzishwa?

Binti: Haizimi kabisa. Usiku na mchana iko wazi, na waya umechomekwa.

Redio: Kwa sababu ya yule mwanamke.

Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Binti: Ndiyo. Kwa sababu yake.

Redio akameza kahawa ya moto yote kwa pamoja. Binti akakaa ule upande wa mguu uliolegea, benchi likayumba, wala hakushtuka.

Binti: Ni mama. Alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, nilimwekea hilo gemu limsahaulishe maumivu. Akatengeneza kimtu chake, kimwanamke chenye mtandio wa njano, kama ule wake. Akajenga nyumba. Baba anakaa pembeni ya kitanda, kazi yake kumkosoa. "Mlango umeuelekeza kwenye upepo, mke wangu. Hiyo meza miguu yake haitakaa." Wanacheka mpaka mama anakohoa. Siku tumerudi makaburini, baba akaishika simu. Akamkuta yule mwanamke amesimama mlangoni kwake, alama ya njaa inawaka. Tangu siku hiyo anamlisha. Anamkatia kuni, anamwashia jiko. Anasema hawezi kumwacha na baridi.

Kila mtu akawa anaangalia kikombe chake. Ile rangi ya midomo nikaifuta kimyakimya.

Fundi Simu: Lakini dada, hili gemu nalijua. Ukilifunga, kule kila kitu kinasimama. Jua halisogei, kuni haziishi. Yule hasikii njaa wala baridi.

Mimi: Maana yake nini?

Fundi Simu: Maana yake anapata njaa kwa sababu mzee halifungi. Angelifunga, angekaa na shibe yake hata mwaka.

Redio: Kwa hiyo muda wote huu anamtesa mwenyewe?

Fundi Simu: Bila kujua.

Hakika: Basi aambiwe. Leo leo. Alifunge, alale usingizi, aje atupigie benchi msumari.

Redio: Naenda mimi, na mkasi wangu.

Mimi: Wewe kaa, utamwambia na yasiyokuwapo. Nitakwenda mimi.

Nilikuwa nimeshaanza kuvitafuta viatu kwa mguu chini ya benchi.

Fundi Simu: Au nisiitengeneze? Niseme imekufa, mambo yaishe.

Redio: Umzike yule mama mara ya pili?

Fundi Simu akairudisha bisibisi mezani.

Binti: Najua kwamba kunasimama. Si niliyemfundisha mama ni mimi? Safari nzima nilikuwa nalipanga hilo neno mdomoni. Nimefika, nimemkuta baba anaamka kabla yangu. Anafagia chumba. Anateleka uji. Namwambia baba kula, anasema, "Subiri mama yako ale kwanza." Akishamlisha yule, na yeye ndipo anakula. Asipomlisha, hali.

Akatutazama mmoja mmoja.

Binti: Nyinyi mnakaa naye karibu kuliko mimi. Nikimwambia yule hasikii njaa, kesho baba ataamka amfanyie nani kazi?

Nyuma yetu, kwenye ufa wa mlango wa karakana, harufu ya mbao ilikuwa bado ipo, kwa mbali. Redio aliufungua mkasi wake, akaufunga. Viatu vyangu nikaviacha vilipo. Tukamgeukia Hakika, kama tunavyofanya siku zote.

Hakika: Sijui.

Fundi Simu akawasha taa yake, akaanza kuing'oa ile betri taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa shati. Nikainua birika nimmiminie binti. Yakatoka mashapo matupu. Nikayamimina hivyo hivyo, naye akakipokea kikombe kwa mikono miwili, asinywe.

Binti: Jitahidi kidogo, fundi. Ilipozimika, kule theluji ilikuwa imeanza.