Bulaimu Faradji wa Nyangwe, Fundi na Nahodha wa Mashindano ya Vyombo vya Tanga, 1907–1958

Ndugu na jamaa, majirani wa Nyangwe, na ninyi mliotoka Kasongo na Kabambare kwa baiskeli na kwa miguu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Tunayemsindikiza leo ni Bulaimu Faradji. Maneno haya yanasomwa na Musafiri Atumani, mwalimu wa shule huko Kasongo, mtoto wa shemeji yake marehemu. Mengi yametoka kinywani mwa mjane, Mama Mwanvua, ambaye jana alikaa akieleza, akipokea wageni, akieleza tena. Sharti lake lilikuwa moja: "Usiruke habari ya kaka yangu. Kila mutu hapa anaijua. Tukiificha, tutakuwa tunamuzika mutu mwingine."

Marehemu alizaliwa Lusangi, katika teritwari ya Kabambare, mwezi wa Machi 1907. Baba yake, Faradji, alikuwa mchuuzi wa chumvi na vitambaa, mzaliwa wa hapa Nyangwe. Mama yake, Kashindi, alikuwa Mbangubangu wa Lusangi. Huko hakuna maji makubwa, kuna vijito tu vinavyoshuka kwenda mto Luama. Lakini mtoto huyo hakuweza kuona kitu kinachoelea akakiacha. Siku moja alichukua bakuli la mti la mama yake, akalipachika jani la mgomba kama tanga, akampandisha kuku juu yake, akalisukuma. Upepo ulikuwa mzuri. Mama Kashindi alipomkuta kando ya kijito amechuchumaa, aliuliza, "Kuku yangu iko wapi?" Mtoto akanyoosha kidole ng'ambo. "Iko safarini, mama." Kuku yule alirudi jioni kwa njia ya darajani, bila bakuli. Mama Kashindi alisimulia kisa hiki mpaka uzeeni, na kila mara alikuwa anacheka kabla hajafika mwisho.

Mwaka 1915 baba yake alimleta Nyangwe ili asome chuoni. Alihitimu Korani na kujua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Shule ya misheni hakupelekwa, kwa kuwa mzee Faradji aliogopa mtoto atabatizwa, na marehemu hakumlaumu kamwe kwa hilo. Elimu yake ya pili ilikuwa kwa baba yake mdogo, mchonga mitumbwi. Hapo alijifunza kuugonga mti na kusikiliza, na kuuchoma kwa moto mdogo ili utanuke usipasuke. Alipopata nguvu za mikono aliingia katika mashindano ya kupiga kasia yaliyofanywa hapa kila Sikukuu ya Mfalme, tarehe 15 Novemba. Hakuwa mwenye nguvu kuliko wengine. Ila mtumbwi wake ulikuwa wa kuchongwa na yeye mwenyewe, na ulikuwa unateleza.

Mwaka 1932 alivuka mto, akapanda treni hadi Kongolo, akaenda kwa meli ya mtoni hadi Kabalo, kisha treni tena mpaka Albertville, kwenye Ziwa Tanganyika. Alipata kazi ya useremala mahali pa kutengenezea vyombo vya ziwani. Huko aliona kwa mara ya kwanza chombo kikichorwa kwenye karatasi kabla mti haujakatwa: tumbo lake, mgongo wake, mbavu zake zote. Mama Mwanvua anasema alipomwandikia baba yake habari hiyo, aliandika kama mtu aliyeoa. Jumapili kulikuwa na mashindano ya matanga. Mwanzoni Mwafrika aliruhusiwa kushika kamba tu, usukani ulikuwa wa Mzungu. Ruhusa ilipotolewa mwaka 1938, Bulaimu alishika usukani wa chombo alichokichora mwenyewe, akashinda mwaka ule na mwaka uliofuata.

Ndoa yake na Mwanvua Sumaili ilifungwa hapa Nyangwe, tarehe 6 Juni 1935, alipokuja kwa likizo. Walipata watoto watatu. Wawili walilala wangali wachanga huko Albertville, na makaburi yao yako huko. Aliyebaki ni Subira, aliyezaliwa mwaka 1937.

Walirudi nyumbani mwaka 1941, marehemu akiwa fundi kwenye bandari ya Kasongo. Ni yeye aliyewazoesha watu wa mto huu kushindana kwa tanga. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakaanza kuja kumuomba awachoree. Mwenzake wa chomboni alikuwa Atumani, kaka ya mke wake, mtu wa maneno mengi na kicheko. Walipendana kiasi kwamba Mama Mwanvua alizoea kupika chakula cha mume wake katika sinia la watu wawili bila kuuliza.

Mwaka 1947 marehemu alijenga chombo chepesi kuliko vyote alivyowahi kujenga. Akakiita Subira, jina la binti yake. Mbao zake zilikuwa nyembamba sana. Atumani alizigonga kwa kidole mbele ya Mwanvua.

"Shemeji, hii mbao iko kama karatasi. Nikikanyaga mubaya nitatokea chini."

"Basi usikanyage mubaya," Bulaimu akajibu, na wote watatu wakacheka.

Tarehe 15 Novemba walitoka bandarini Kasongo kuja Nyangwe, vyombo saba, mto umejaa, zawadi ya mshindi ikiwa blanketi. Karibu na nusu ya njia walikuwa mbele ya wote. Wingu likatokea upande wa magharibi. Gérard, karani wa Kasongo aliyekuwa nyuma yao, alishusha tanga lake, naye ndiye shahidi wa yaliyofuata. Alimsikia Atumani akipaza sauti, "Shusha, shemeji!" Akamsikia Bulaimu akijibu, "Bado kidogo!" Upepo ukapiga. Ubavu wa chombo ukapasuka, maji yakaingia, na chombo kikaenda chini kama jiwe. Atumani alikuwa ameuzungushia mkono wake kamba ya tanga, akaenda nacho. Bulaimu alipiga mbizi mpaka akaanza kutapika maji, na Gérard akamvuta kwa nguvu kumtoa mtoni, huku Bulaimu akimpiga ngumi ili aachiwe arudi chini.

Atumani alipatikana mtoni, chini ya Nyangwe, siku iliyofuata. Aliacha mke, Amisa, na mtoto mmoja.

Mambo yaliyofuata si mazuri kuyasema, lakini ndivyo yalivyokuwa. Mwanvua alihamia kwa mama yake. Amisa alimwambia Bulaimu mbele ya watu waliofika msibani, "Ulitaka blanketi ya kushinda. Jifunike basi." Bulaimu alichukua jembe. Alilima shamba la Amisa msimu ule wote, akamwezekea nyumba, akaondoka. Alikwenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, mbali na mto, akawa seremala wa nguzo za mashimo na, mara nyingi, wa majeneza. Kila mwezi alituma nguo au chumvi kwa Amisa. Amisa alizipokea, hakutuma salamu.

Mwaka 1950 Mwanvua alipanda lori kumfuata, akiwa amekusudia kuomba talaka. Alimkuta uani ameinama juu ya beseni la maji. Ndani yake kulikuwa na mashua ndogo ya kuchonga, na chini ya viti vyake amefungia vikopo vitupu vilivyozibwa kwa lami. Alikuwa anaijaza maji, anaisukuma mpaka chini kwa kidole gumba, anaiachia. Mashua ilikuwa inapanda juu, imejaa maji, lakini iko juu. Alipotambua nani amesimama hapo, hakusalimia.

"Mama Subira, inarudi."

"Atumani hakurudi."

"Najua."

 Mama Mwanvua anasema hapo ndipo alipoona jinsi alivyokonda, na jinsi kidole kile kilivyokwisha kukunjamana kwa maji. Maneno ya talaka yalikuwa yamekaa tayari mdomoni. Akavuta kigoda, akaketi, akasema, "Sukuma tena."

Walirudi Nyangwe mwaka 1951. Marehemu alianza kujenga vyombo vya kuvushia watu, vipana, vyenye mapipa matupu yaliyozibwa chini ya viti. Vijana walividhihaki, wakasema ni bata wa Bulaimu. Siku ya soko alikijaza kimoja maji mpaka ukingoni, akawapandisha watu wazima wanane wasiojua kuogelea, wakakaa mtoni maji yakiwafika kiunoni, wanapiga kelele, na chombo hakizami. Wengi mliofika leo kutoka ng'ambo mmevuka katika bata hao.

Kwenye mashindano hakurudi mpaka Novemba 1953, na aliyekaa kwenye kamba ya tanga siku hiyo alikuwa Mama Mwanvua mwenyewe, ambaye tangu kifo cha kaka yake hakuwa amepanda chombo chochote cha mumewe. Wingu dogo lilipotokea, Bulaimu alishusha tanga. Wengine wote wakawapita. Walifika wa mwisho, na Gérard akawapokea ufukoni kwa mzaha: "Bwana Bulaimu, leo njo umekuwa mukia!" Marehemu alijibu, "Hesabu watu, usihesabu vyombo," akamshika mke wake mkono kumshusha. Miaka miwili baadaye alishinda, akiwa na Gérard. Zawadi aliipeleka kwa wagonjwa wa hospitali, hakuiingiza nyumbani.

Amisa hakupanda chombo chake hata siku moja. Akitaka kuvuka, alikwenda kwa wenye mitumbwi ya zamani. Wala hakumruhusu mwanawe kushika usukani, na marehemu hakumshawishi kijana kinyume cha mama yake. Alimwambia tu asome.

Ugonjwa ulianza mwaka 1956, kikohozi kilichokataa dawa. Alilazwa hospitalini Kasongo mara mbili. Madaktari walisema ni mapafu. Januari mwaka huu aliomba arudishwe Nyangwe, alale karibu na dirisha la mtoni. Aliendelea kuchora, na mkono ulipochoka alimwelekeza Subira achore kwa niaba yake.

Mwanzoni mwa Februari Amisa aliingia na sufuria ya uji. Alikuwa hajavuka kizingiti kile tangu msiba wa mumewe. Mama Mwanvua alitaka kutoka, akaambiwa abaki. Bulaimu alijaribu kuinuka.

"Amisa, nilimusikia. Alisema shusha, nilimusikia kabisa."

"Najua ulimusikia."

"Basi nisamehe."

Amisa alikoroga uji muda mrefu. "Nimechoka kukukasirikia, shemeji," akasema. "Kila asubuhi naanza upya, na kila asubuhi inanichosha zaidi. Fungua kinywa." Akamlisha mpaka sufuria ikaisha, na kesho yake akaja tena, na keshokutwa.

Bulaimu Faradji alifariki jana, tarehe 8 Februari 1958, alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mke wake. Wachimbaji walipouliza kaburi likae wapi, wazee walitazamana, kwa maana mahali palikuwa pengi. Amisa ndiye aliyejibu. Alitangulia mbele yao, akasimama kando ya kaburi la Atumani, akapiga ardhi kwa kisigino. "Hapa," akasema. "Muchimbe hapa."

Ameacha mjane, Mama Mwanvua Sumaili, binti, Subira, na mume wake, wajukuu wawili, dada yake Odile wa Lusangi, aliyebatizwa huko, rafiki yake Gérard, Musafiri Atumani, mwana wa Amisa, ambaye marehemu alimlea kwa jasho lake, na shemeji yake Amisa.

Mwenyezi Mungu amsamehe, ampokee, na amfikishe mahali penye utulivu. Alale salama karibu na mwenzake.