Mwalimu Mwandawiro na Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Makosa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha maikroprosesa katika chuo chetu cha ufundi hapa Voi, Mwalimu Thadeus Mwandawiro anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Leo tunamuaga kwa moyo mkunjufu. Mwezi wa tatu tusingeweza.

Alifika mwaka 1994 na sanduku la bati lililojaa bodi kuukuu za elektroniki, na penseli. Penseli hiyo ilitutesa. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha bodi kabla ya kuifuata programu yake ya asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ile ya mashine, kwenye karatasi, mstari kwa mstari, akiandika kila rejista, yaani kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya prosesa, imebeba nini. Aliyekosea alijiandika mwenyewe kwenye Daftari la Makosa: jina, mwaka na kosa. Mimi nimo mara nne. Mkuu wetu wa idara yumo mara sita, wala hapendi kukumbushwa. Mwalimu mwenyewe hakuwamo.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni bodi ya pampu ya kisima, aliyoitengeneza mwaka 1996. Boya la tangi likipanda, prosesa huacha inachofanya, huzima pampu, kisha hurudi ilipoachia. Maji hayo hutegemewa na chuo na majirani zetu wa Marungu pamoja na mifugo yao. Mara moja moja pampu iligoma. Tukalaumu stima, tukazima na kuwasha, yakaisha.

Mwezi wa tatu, katikati ya kiangazi, ikagoma mara tatu kwa wiki moja. Aliyeielewa programu ile alikuwa mmoja tu, naye anaondoka. Tuliogopa, tuseme ukweli. Mwalimu akakaa kwenye stuli, mikono mfukoni, akamwachia kazi Bi. Loice Kasyoka, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mwalimu mwenzake. Tulimwona mkaidi kupindukia. Loice akachukua penseli.

Siku ya tatu akalipata kosa. Prosesa ikikatizwa, huweka kando ilichoshika, na lazima ikichukue kabla ya kurudi kazini. Lakini kwa hali moja tu, boya likicheza wakati pampu inazimwa, mstari wa kukichukua haukuwapo. Mwalimu alisahau kuuandika, na prosesa ikawa inapotea njia. Miaka ishirini na tisa tumeisingizia stima.

Loice alisitasita kumwambia. Mwalimu aliifuata mistari mwenyewe, halafu akacheka hadi miwani ikaanguka. Alikiri kwetu kwamba mwaka mzima alikosa usingizi akiwaza nani ataitunza bodi ile. Siku hiyo alikwenda nyumbani mapema, na mkewe, Mama Wakesho, akadhani anaumwa. Mstari ukaongezwa, na pampu haijagoma tena.

Asante, Mwalimu. Kapande viazi vyako kule Mwanda, na Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na usingizi mnono. Sisi tumefungua daftari jipya, maana la zamani limejaa. Ukurasa wake wa mwisho una mwandiko wako: Thadeus Mwandawiro, 1996, nilisahau kuchukua nilichoweka. Chini yake umeongeza: Limegunduliwa na Loice Kasyoka. Sasa naweza kwenda nyumbani.