Santuri Mbovu za Mama Masikio

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioziacha shughuli zenu asubuhi hii mkaja kukaa nasi, historia hii ya dada yetu mpendwa inasomwa na mdogo wake wa pekee kwa niaba ya familia, baada ya kikao cha jana kilichoandika karatasi nzuri yenye maneno laini, karatasi ambayo msomaji ameikunja na kuitia mkobani, kwa sababu aliyeelezwa humo ni mtu mwingine kabisa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshona nguo, katika chumba cha uani nyuma ya duka la viatu, ambako kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba akiwa bado mdogo aliweza kuwaambia wazazi ni mpangaji gani anapanda ngazi, na kama viatu alivyovaa ni vya kushonwa na baba au vya dukani. Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza sekondari Novemba 1970, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila walimu walilalamika kwamba mwili wake uko darasani na masikio yako barabarani.

Tarehe 3 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha santuri, akaanzia kwenye kufungasha, na mwaka uliofuata akapandishwa chumba cha kusikilizia, chumba kidogo kilichozibwa kuta zake kwa magunia ya pamba, chenye gramafoni mbili na kiti kimoja, kazi yake ikiwa ni kuchukua santuri moja katika kila fungu lililotoka mashineni, kuisikiliza pande zote mbili mwanzo hadi mwisho, na kama inakwaruza, inaruka, au inapepesuka kama mlevi kwa sababu tundu la kati limetobolewa kando, kulikataa fungu zima lirudi kusagwa. Hapo ndipo alipopewa jina la Masikio, na baadaye Mama Masikio, na wapo mafundi mashine waliomchukia kwa moyo wote.

Mmoja wao, ambaye alikataliwa kazi yake ya zamu nzima, alipanda ngazi mikono bado ina moto wa mashine, akiwa amejiandaa kumtolea maneno, marehemu akamkalisha kwenye kile kiti kimoja, yeye akasimama, akamwekea sindano, na wimbo ulipofika pale unaporuka yule fundi akasema "Kumbe," akashuka, na wiki iliyofuata akaleta santuri iliyonyooka akiwa amechana nywele. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1977, na wa kike wawili mwaka 1980 na 1984, na wakaishi kwa maelewano hadi shemeji yetu alipotutoka tarehe 2 Agosti 2015.

Sasa lazima ielezwe habari ya zile mbovu, ingawa kikao kiliomba isielezwe. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua nyumbani santuri mojamoja kati ya zilizokataliwa, hivyo nyumba ya marehemu ilijaa nyimbo zenye kasoro, na watoto walikua wakiamini kwamba nyimbo ndivyo zilivyo, mpaka kifungua mimba, ambaye sote tunamwita Bosi na ambaye ameketi pale mbele akimtazama msomaji kwa jicho la kumwambia apunguze, aliposimama kuimba mbele ya shule nzima na kuruka mstari mmoja na nusu kama alivyozoea kusikia nyumbani, wakamcheka hadi akalia, na tangu siku hiyo hakutaka kuona kitu kibovu.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 1990, mashine zikauzwa vyuma chakavu, na marehemu akapata kazi ya kupokea simu katika hospitali ya watoto hadi alipostaafu mwaka 2012. Kila aliporudi kutoka kazini alivua viatu, akachagua santuri, akaifuta kwa kitambaa cha flana, akaishika kwa ukingo, akakaa kusikiliza upande mzima bila kufanya kingine, na aliyeingia ilibidi naye akae. Vizuri vinafanana, alikuwa akisema, vimezagaa madukani kila kimoja sawa na mwenzake, lakini kibovu kipo kimoja tu, na yeye alijua kila mkwaruzo ulitoka kwenye mashine ipi, mkononi mwa nani, na mikono mingi kati ya hiyo imeshazikwa.

Maradhi ya moyo yalimwanza Machi 2023, akalazwa wiki tatu, na humo ndimo Bosi alipomwandalia mama yake zawadi. Haki isemwe, alipaka chumba rangi kwa mikono yake mwenyewe, akanunua godoro jipya, kisha akaondoa santuri zote na gramafoni, na mahali pake akaweka kispika kidogo chenye ukubwa wa kopo la maziwa, kinachozungumza na simu. Marehemu aliporudi alisimama mlangoni, akauliza vitu vyake viko wapi, akajibiwa, "Nyimbo zote zimo humu mama, tena hizi zimenyooka." Marehemu akamtazama mwanawe, rangi ikiwa bado imemganda kwenye kucha, akasema asante mwanangu.

Ni mdogo wake aliyefuatana naye, marehemu akiwa na fimbo na akipumzika kila nguzo ya umeme, hadi karakana ya mtengeneza mapambo aliyezichukua, na walipofika wakakuta santuri zimeshatiwa kwenye joko, zimelainika, zimekunjwa kuwa mabakuli na saa za ukutani za kupamba hoteli, kwa sababu siku hizi santuri zimekuwa fasheni, hoteli zinazitaka sana, mradi zisiimbe. Yule fundi, kijana mwenye adabu, alieleza kwamba nzima huwauzia wanaozipiga, wanaongezeka kila mwaka, lakini hizi alizijaribu zote zikawa mbovu. Akampa bakuli moja bure. Marehemu alipitisha kidole kwenye mistari yake njia nzima ya kurudi, akaliweka kando ya kitanda, na jioni Bosi alipoingia akatupia humo funguo za gari.

Kwa mwaka mmoja na nusu uliobaki wa maisha yake, marehemu alisikiliza kile kispika, ambacho bando likiisha hunyamaza katikati ya neno, na ambacho tarehe 17 Oktoba 2024, alasiri aliyofariki, kilimkatia wimbo ili kumtangazia mchezo wa kubahatisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani, hasa fundi wa kuchomelea milango aliyesimamisha nyundo kila mchana ili mgonjwa alale, wenzake wa kupokea simu hospitalini, na wachache mliobaki wa kiwandani, mlioketi pamoja pale nyuma.

Shukrani ya mwisho ni kwako, Bosi, na hapa msomaji ataacha kujiita msomaji. Ulikuja kila siku, ulimwekea wimbo, ulimshika mkono, na yeye alitikisa kichwa kufuata mdundo mpaka ukaridhika ukaondoka. Kila ulipofunga mlango aliniambia, "Zima hicho." Kila siku, Bosi, nami nilizima, tukakaa kimya hadi usiku. Hakukwambia kwa sababu alikuwa mama yako, na aliniomba nisikwambie. Lakini mimi ni mama yako mdogo, nimekubeba, nakupenda, na nimekasirika, kwa hiyo nimekwambia.

Dada, wewe pumzika, amani ni yako. Hasira niachie mimi.