Papa Katika Sufuria ya Kwaheri

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Afisa wa Elimu, Mwalimu Mkuu na walimu wako, wazazi wenzangu wa Kaptembwo, wageni waalikwa, na nyinyi wanafunzi mliokaa kwa nyasi: hamjambo nyote.

Mimi Kipkemoi, mwenyekiti wa wazazi, ni mtu wa ng'ombe. Samaki ninayemjua ni tilapia, tena wa kukaanga. Kwa hivyo Mwalimu Ruqaiya, mzaliwa wa Kilifi tunayemuaga leo, alipoanzisha hapa chama cha kulinda papa, nilicheka na wengine. Papa, Nakuru? Flamingo wetu hawatutoshi?

Alitujibu kwa upole kwamba papa huvuliwa Pwani lakini huliwa hata hapa. Nendeni sokoni mwone. Akaeleza kwamba papa si kuku: huchelewa sana kuzaa. Akawapeleka wanafunzi Pwani kumtafuta potwe, yule papa mkubwa mpole, ili wajue kwamba mwenye mashua anaweza kumwonyesha mtalii papa yule yule leo, kesho na mwaka ujao, ilhali anayemkata humuuza mara moja tu. Kisha wakaandika ombi la sheria, papa wachanga wasiuzwe katika masoko yetu, wakatuachia sisi wazazi tutie sahihi na kulifikisha mbele. Tulipiga makofi, tukaenda nyumbani.

Sasa nifike kwa leo. Kamati ya chakula, chini ya Mama Cate, ilikaa ikauliza: mgeni wetu ni mtu wa Pwani, tumpikie nini? Maana mtu wa heshima huagwa kwa chakula cha kwao. Wakanunua papa mkavu, wakamloweka kutoa chumvi, wakamtia nazi. Nawaambieni, shule hii haijawahi kumpikia mtu kwa mapenzi kama hayo.

Asubuhi Mwalimu aliingia jikoni kuwasalimu wapishi, jinsi afanyavyo kila siku, akafunua sufuria. Papa wenyewe walikuwa wadogo, hata mmoja hakufika urefu wa mkono wangu. Mama Cate ananiambia hakukasirika. Alirudisha kifuniko, akamshika bega, akasema, "Mmenipenda sana, Mama Cate. Lakini hamkunisikiliza."

Mwalimu, nimeumia. Miaka yote hii tumekufanya kama redio ya jirani: tunaisikia kutwa, na jioni hatujui ilisema nini.

Umeomba chakula kisitupwe, kwa kuwa kukimwaga hakumfufui aliyekufa. Sawa, kitapakuliwa. Lakini kila anayepokea sahani ataambiwa anakula nini, na lile ombi nimeliweka pale pale kwa wapishi, pamoja na kalamu. Jina langu liko juu, na nimeliandika kwa aibu.

Mheshimiwa, wageni wetu, wazazi wenzangu, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Yeye bado anangoja.