Rudisha Huyo Mtu

Hamjambo nyote, akina mama wa kikundi, na nyinyi wanaume wachache mlioletwa na wake zenu mkaambiwa ni chai tu. Chai ipo. Lakini mwenyekiti amesema kwanza nisimame niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, na mimi mtu akinipa maiki sijui kukataa.

Wengi mnanijua kwa kazi zangu tatu. Naimba, narekodi watu kwenye studio yangu kule Kware, na natengeneza mabango na kadi. Mkiona bango la harusi hapa Mowlem na uso wa bibi harusi haujavutwa ukawa mrefu kama wa punda, jueni limetoka kwangu. Sijisifu, ni vile kazi iko.

Kuimba ndiko kulikokuja kwanza. Mimi nimezaliwa Makadara, baba alikuwa karani wa reli aliyetoka magharibi mwa nchi, na kwetu wimbo ulianza kabla ya uji. Nilipokuwa mtu mzima nikapata bendi, tukawa tunaimba harusi kila Jumamosi. Kutengeneza mabango nilijifunza kwa hasira. Jamaa mmoja alituchorea bango, akachukua kichwa changu akakiweka juu ya mwili wa mwanamke mwingine, tena ndani ya gauni ambalo sijawahi kulivaa. Watu wakawa wananiuliza, "Dada, umepungua lini?" Nikaenda kwa binamu yangu aliyekuwa na kompyuta, na sikutoka pale mpaka nikajua kazi hiyo mwenyewe. Lakini moyoni nilijijua kama sauti tu. Hayo mengine niliyaona ya kujaziliza.

Sasa, tuliimba miaka mingi na spika mbovu. Spika ikiwa mbovu, koo ndilo linaloumia. Sauti ikaanza kukwaruza asubuhi, nikanywa tangawizi. Ikakwaruza mpaka jioni, nikaongeza tangawizi. Sikumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nikaumbuliwa na harusi.

Bibi harusi alikuwa ndiyo anaingia ukumbini. Wimbo ukafika pale juu, pale ambapo watu wote huwa wanangoja, nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Hewa tu. Mpiga ngoma akanitazama. Bibi harusi akasimama katikati ya njia, hajui kama aendelee au arudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo mama mmoja wa upande wa bibi harusi akainuka na leso yake, akapiga vigelegele virefu, akina mama wengine wakamwitikia, wakamsindikiza yule mtoto wao kwa vigelegele mpaka kwenye kiti. Wageni walidhani ndivyo ilivyopangwa. Huyo mama yuko humu ndani. Sitamtaja, ila mkitaka kumjua, angalieni ni nani anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Daktari wa koo akanipima, akasema nina vijinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaniambia ninyamaze kabisa, hata kunong'ona nisinong'one. Akaongeza kwamba hata nikipona, ile sauti ya juu nisiingoje sana, huenda isirudi. Nilirudi nyumbani nikalia bila kutoa sauti. Kulia hivyo ni kazi ngumu, msijaribu.

Bendi ikatafuta mwimbaji mwingine, na sikuwalaumu, harusi haziahirishwi kwa sababu ya koo la mtu. Ila ndugu zangu, nawaambia, bango la huyo dada nililitengeneza mimi. Walinitumia picha yake wakaniambia, "Weka tu pale ulipokuwa wewe." Nikajitoa, nikamweka. Nilimtengenezea vizuri, nuru ikamkaa usoni. Kisha nikazima kompyuta nikalala mchana kutwa, maana niliumia.

Wakati huo ndipo zile kazi za kujaziliza ziliponishika mkono. Nilining'iniza mablanketi ukutani kwenye chumba changu Kware, nikaanza kurekodi watu kwa kuwaandikia kwenye simu: rudia, sogea nyuma, usiteme mate kwenye maiki. Jengo letu lina mashine ya kuvuta maji inayonguruma kama lori, kwa hivyo tulikuwa tunarekodi ikizimwa. Wakaja watu wa kadi, wakaja watu wa vijitabu vya mazishi. Ilikuwa kazi ya heshima na nikaipenda.

Baada ya miezi kadhaa daktari akaniruhusu kuongea. Baadaye akasema naweza kuimba, chini chini, bila kulazimisha. Mimi nikakataa. Niliogopa kufungua mdomo nikutane tena na ile hewa. Mtu akiniuliza kama mimi ndiye yule mwimbaji, nilikuwa namjibu, "Nilikuwa." Nilikuwa nimeshajizika, nimebakisha kujitengenezea kijitabu.

Siku moja yule mama wa vigelegele akabisha mlango. Amekuja na kwaya yake nzima ya akina mama, wamejaa mpaka kwenye ngazi, wanataka kurekodi. Nikawapigia njia ya wimbo kwa kinanda. Wakaanza, wakapotea. Wakaanza tena, wakapotea.

Mama akavua zile spika za masikioni. "Hiki kinanda chako hakipumui," akasema. "Sisi tumezoea kufuata mtu. Tuimbie, tukufuate."

"Mama, mimi siimbi siku hizi."

"Sijasema uimbe. Nimesema utuonyeshe njia."

Hebu niambieni mngemjibu nini mama kama huyo. Nikaimba chini, karibu na sauti ya baba yangu akisalimia watu, na mikwaruzo yake yote. Wakaisikiliza masikioni, wakaifuata, hawakupotea tena.

Sauti ya namna hiyo kwetu studio ni kama zile mbao ambazo fundi anashikilia nazo slabu. Saruji ikikauka, mbao zinatolewa. Kwa hivyo nikaitoa, nikasafisha wimbo, nikamtumia mama. Kesho yake asubuhi akanipigia simu.

"Mwanangu, huu wimbo uko na shimo."

"Shimo gani, mama? Nyote mko."

"Kuna mtu umetoa. Yule wa chini."

"Huyo ni mimi. Nilikuwa nawaelekeza tu. Huwa inafutwa."

"Na nani alikwambia ujifute? Sisi tuliimba na wewe. Ukijitoa, sisi tunaimba na nani? Rudisha huyo mtu."

Bahati nzuri nilikuwa nimeizima tu, sijaifuta. Nikairudisha, nikakaa nikasikiliza. Ile sauti ilikuwa imekaa chini ya akina mama, imewabeba. Muda wote nilikuwa nangojea ya juu irudi, kumbe hii imeshafika na mimi ndiye nimeifungia mlango. Nililia tena, na safari hii nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Nilipowatengenezea picha ya jalada la kanda yao, mimi simo, walinirudishia. Mama akaniambia, "Hapo kando weka uso wako. Na uje na mwili wako."

Leo naimba harusi tena, bendi imenipokea na inashusha wimbo kidogo kunifuata. Studio iko, mabango yapo, na hakuna hata moja ninaloliita la kujaziliza. Namshukuru daktari aliyeniambia ukweli. Nawashukuru majirani zangu wa Kware walionizimia mashine ya maji wakakaa na ndoo tupu ili mimi nifanye kazi. Na kwako wewe uliyepoteza kitu ukadhani umekwisha, nasema hivi: usijitoe kwenye wimbo kabla ya kuwauliza unaoimba nao.

Mama, sasa acha huo mkoba. Siku ile ulipiga vigelegele ili watu wasijue sauti imenikatika, na Mungu akubariki kwa hilo. Leo nakuomba uvizuie kidogo. Nataka kuimba wimbo ule ule wa bibi harusi, chini kidogo. Ningoje nifike mwisho, ndipo upige.