Mama Mihayo na Ugomvi wa Kesho

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Ulipo Igogo, ulipo Mkuyuni, ulipo ng'ambo kule Busisi, sogea karibu na redio yako. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Hakuwa mbunge, hakuwa mwalimu wa michezo, na mpira wenyewe hakuwahi kuucheza. Lakini Jumamosi iliyopita, alipozikwa, vijana wa timu saba walikuja na jezi zao. Narudia, timu saba. Wengine walikuwa hawasalimiani tangu ligi ya mwaka jana, na siku hiyo walibeba jeneza moja.

Jina lake ni Teodora Mayala. Sisi wa mjini tulimwita Mama Mihayo. Alikuwa na meza ya viatu vya mtumba sokoni Mkuyuni, na nyumba yake ilikuwa Igogo, kule juu kwenye mawe. Amefariki akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ameacha watoto wawili, Mihayo na Odeta. Nawataja mapema kwa sababu habari hii ni ya wote watatu.

Turudi nyuma hadi mwaka 1991. Wakati huo Mama Mihayo hakuwa na meza bado. Alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwa zamu, na mume wake, Mashimba, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mihayo alikuwa na miaka kumi na miwili, Odeta tisa. Watoto hao, wasikilizaji, kutembea walikuwa hawakujui. Walijua kukimbia. Mihayo alikuwa golikipa, na hakuwa golikipa wa uwanjani tu. Alidaka mpira wa makaratasi, alidaka machungwa, alidaka hata sahani ikimponyoka dada yake. Odeta naye hakupita chini ya kitu bila kukirukia. Kila wiki palikuwa na goti lililochubuka au ukucha uliong'oka.

Mama mtu alirudi kutoka zamu amechoka hoi, akawakuta wamefungwa vitambaa kama majeruhi wa vita. Basi akawa na maneno yake ya mlangoni. Ni maneno ambayo wewe unayenisikiliza umewahi kuambiwa, na huenda asubuhi ya leo umemwambia mtu. Alisema, "Nendeni mkacheze. Lakini atakayevunjika asirudi hapa kwangu."

Aliyasema kwa mdomo tu. Ni mzazi gani hajayasema? Tatizo ni kwamba Mihayo alimwamini.

Jumanne moja, mwezi wa nane, Mihayo aliruka kudaka mpira akaangukia jiwe. Mkono wa kulia ukavunjika, kati ya kiwiko na kiganja. Wenzake walitaka kumpeleka nyumbani. Akakataa, akawaambia kwao hawamtaki mtu aliyevunjika. Akaufunga mkono kwa shati lake, akashuka hadi barabarani, akabahatika kupata lori la pamba lililokuwa likirudi tupu. Akafika Kigongo. Akapanda kivuko, akavuka hadi Busisi, akatembea kwa miguu hadi kwa bibi yake, Bibi Selina, aliyemzaa mama yake. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mkono umevunjika, amevuka ziwa kwa sababu ya maneno ya mlangoni.

Siku tisa mama yake alimtafuta. Bibi alikuwa ametuma ujumbe kwa msafiri mmoja, na ujumbe ukaishia njiani. Mama Mihayo alimtafuta hospitali, alimtafuta kituo cha polisi, na siku ya saba alishuka ufukweni akawauliza wavuvi kama kuna mtoto waliyemwopoa majini. Siku ya tisa mfanyakazi mmoja wa kivuko ndiye aliyekumbuka kumwona mtoto aliyefunga mkono kwa shati. Mama Mihayo hakungoja kuambiwa mara mbili. Akavuka.

Alimkuta Mihayo amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa vijiti na fundi wa mifupa wa pale kijijini. Alikwenda kumkumbatia. Mtoto akarudi nyuma. Bibi Selina ndiye aliyezungumza, na Mama Mihayo aliyabeba maneno yale hadi kaburini.

"Mwanangu," alisema Bibi Selina, "mtoto anasema umemkataza kurudi. Mimi nimembishia siku zote hizi, nikamwambia mama yako hawezi kusema hivyo. Ulisema?"

Mama Mihayo akajibu, "Nilisema."

Mjini daktari aliutazama ule mkono akasema mfupa umeshaanza kushika, na umeshika kombo. Ulipopona kabisa ulikuwa umepinda. Ugolikipa wa Mihayo ukaishia hapo. Baadaye akawa mwamuzi wa mechi za mitaani, na vijana wa Igogo, ambao huruma hawana, walikuwa wakimtania kwamba refa Mihayo akionyesha kona, uliza kwanza ni kona ipi.

Lakini kuna jambo lilitokea siku ile ya kurudi, ndani ya kivuko. Mihayo mwenyewe ametusimulia. Mama yake alimweka karibu, upande wa mkono mzima, akamwambia polepole, "Kuanzia leo ukiumia, njoo kwangu moja kwa moja. Siku ya kwanza ni ya kutibiwa. Ugomvi ni wa kesho."

Mihayo akauliza, "Na hiyo kesho utanigombeza?"

"Sana," alisema mama yake.

Naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kesho yake alianza kumgombeza wakati wa chai akamaliza jua limefika utosini. Mihayo anasema alifurahi sana siku ile, kwa sababu ndipo alipojua kwamba amerudi nyumbani kweli.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka 1993 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na Mama Mihayo alikuwa mmoja wao. Mnaikumbuka miaka hiyo. Watu walitoka kazini Ijumaa, Jumatatu wako sokoni. Yeye akaanza kuuza viatu vya mtumba Mkuyuni, jirani na Dorotea, muuza dagaa. Macho yake yalikuwa hodari kwa raba za michezo. Marobota yakifunguliwa, kina mama wengine walikimbilia viatu vya ofisini na kanisani, yeye alikuwa ameinama chini kabisa anatafuta soli zenye meno.

Kwa hiyo watoto wanaocheza wakaizoea ile meza. Na walipoizoea, wakaanza kuileta miguu yao. Kwanza alikuja mmoja, kidole kimetoka mahali pake, anaogopa kwenda kwao. Mama Mihayo akamwachia Dorotea biashara, akampeleka hospitali, kisha akampeleka kwao, akasimama mlangoni mbele ya baba mwenye fimbo. Akamwambia, "Shikamoo, shemeji. Mtoto ameshatibiwa. Ugomvi ni wa kesho."

Baba huyo, Mzee Luhaga, yuko hai na ametuambia wazi kwamba alikasirika. Alimwona ni mama anayeharibu watoto wa watu. Lakini alimheshimu akaiweka fimbo, na kesho yake, anasema, hata hakukumbuka alikuwa ameiweka wapi. Habari ikasambaa. Ukiumia, nenda meza ya viatu. Dorotea anasema kuna wiki alikuwa anauza viatu kuliko dagaa.

Sasa tuje mwaka 1997, kwa sababu mwaka huo ndio uliompima. Odeta alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, mfungaji wa netiboli. Nani hakumjua Odeta Mashimba? Mpira ukifika mikononi mwake, watu waliokuwa wakila karanga waliacha kutafuna. Shule yake ilikuwa imefika fainali ya mkoa. Siku mbili kabla ya fainali, mazoezini, alitua vibaya. Goti likaalika. Hakuna aliyeona. Aliinuka, akajifuta vumbi, akamaliza mazoezi, kisha akatembea hadi Mkuyuni, hadi kwenye meza.

Mama yake alimkalisha, akaliangalia goti, akampeleka hospitali. Daktari akasema wiki sita asiruke. Akiruka kabla ya hapo, huenda asiruke tena.

Nje ya hospitali Odeta alisema maneno ambayo yangemshinda mzazi yeyote. "Mama, ningekaa kimya ningecheza. Nimekuambia kwa sababu ulisema tukuambie."

Fikiria, msikilizaji. Akimkataza, mtoto gani atakuja tena kusema ukweli? Odeta atajifunza kunyamaza, na watoto wote wa meza ile watajifunza kwake. Akimruhusu, goti linakwenda njia ya ule mkono. Alikwishamharibia mtoto mmoja kwa maneno, na sasa alikuwa anaogopa kumharibia wa pili kwa kukosa maneno.

Akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Na hutacheza."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi binafsi namheshimu kwalo mpaka leo. Hakumwachia mtoto mzigo. Alikwenda mwenyewe shuleni, akakutana na mwalimu wa timu, Mwalimu Jovinary. Mwalimu akamsihi, akamwambia ni mechi moja tu. Mama Mihayo akamjibu kwamba hata goti ni moja tu. Mwalimu, kwa kuchanganyikiwa, akasema lakini Odeta ana mawili. Mama Mihayo hakucheka. Aliomba timu nzima iitwe, akasimama mbele ya wale wasichana akasema, "Odeta anataka kucheza. Mimi ndiye niliyemkataza. Atakayelaumu anilaumu mimi, meza yangu mnaijua ilipo."

Walifungwa. Walifungwa kwa goli moja. Na lawama zilikuja kweli, hadi mezani. Odeta hakusema na mama yake siku kumi na moja, ila salamu ya asubuhi, maana shikamoo hainyimwi mtu. Dorotea anakumbuka siku moja alimwona Mama Mihayo amejitupia koti la mtumba kichwani, akadhani analijaribu, kumbe analia. Alipomuuliza kama anajuta, alitingisha kichwa. Alisema bora binti amnunie akiwa na miguu miwili.

Siku ya kumi na mbili, mtoto wa jirani alikuja mezani akichechemea. Mama Mihayo hakuwepo. Alikuwepo Odeta peke yake, na goti lake limefungwa. Mtoto akauliza kama akisema ukweli atakatazwa kucheza. Odeta alifikiri kidogo. Akamwambia, "Huenda. Lakini kaa hapa, tukuangalie." Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa nyanya, amesikia yote. Jioni hiyo walizungumza hadi ugali ukapoa.

Na mwaka uliofuata, wasikilizaji, mwaka 1998, Odeta alirudi uwanjani. Fainali ile ile ya mkoa, alifunga magoli ishirini na mbili. Narudia, ishirini na mbili. Akachaguliwa timu ya mkoa, akasafiri, akarudi na medali. Medali hiyo mama yake aliitundika katikati ya raba, na kila mteja aliyeiulizia alisimuliwa habari nzima kabla ya kuonyeshwa kiatu. Kuna watu walikwenda kutafuta kandambili wakatoka pale wanajua mishipa yote ya goti.

Tumefika mwaka huu wa 1999. Mwezi uliopita, mabinti wa Igogo walicheza netiboli na mabinti wa Mkuyuni. Uwanja ulijaa, na Mama Mihayo, mwenye miaka hamsini na miwili, alipanda juu ya jiwe ili aone. Odeta akafunga goli la ushindi. Mama Mihayo akaruka. Ndiyo, wasikilizaji, aliruka, akiwa juu ya jiwe. Akaanguka, mguu ukavunjika.

Mihayo alikuwa ndiye mwamuzi. Alisimamisha mechi, akakimbia na filimbi ingali mdomoni. Mama yake alikuwa chini, jasho linamtoka, na bado ana uso wa utani. Akamwangalia akamuuliza, "Mihayo, mwanangu, nimevunjika. Nirudi nyumbani, au nisirudi?"

Mihayo alitoa filimbi mdomoni. "Rudi, mama," alisema. "Ugomvi ni wa kesho."

Akamwinua kwa mikono yote miwili, mzima na uliopinda.

Kesho yake wodini Mama Mihayo ndiye aliyedai haki yake. Akamwambia Mihayo leo ni siku ya pili, aanze. Basi Mihayo akamgombeza. Akamgombeza kwelikweli, mtu mzima kupanda mawe, mtu mzima kurukaruka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza. Mama alitulia hadi mwisho, akasema amesikia. Kisha akauliza, "Lakini goli uliliona?"

Wiki ya pili damu iliganda, ikapanda hadi kwenye mapafu. Alifariki Alhamisi asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa pembeni.

Makaburini Mihayo alipewa nafasi ya kusema. Hakuwa na karatasi. Aliinua mkono wake wa kulia juu, tukauona ulivyopinda. Akasema, "Mkono huu ulipinda kwa sababu nilimwogopa mama yangu. Naomba kila aliyewahi kupelekwa hospitali na mama yangu ainue wake." Mikono ikainuka, wasikilizaji. Ya vijana wa jezi, ya akina dada wenye watoto mgongoni, na wa Mwalimu Jovinary pia, ambaye sisi hatukujua kwamba naye aliwahi kupelekwa. Yote imenyooka. Mihayo akaitazama, akasema, "Basi haukupinda bure," akachukua koleo.

Kwako Mihayo, kwako Odeta, kwako Bibi Selina uliyemzika mwanao, na kwako Dorotea uliyebaki na meza mbili, poleni sana. Mji huu umefiwa pamoja nanyi, na unajivuna kwa ajili yenu. Mungu ampumzishe mahali pema.

Nawe msikilizaji mpendwa, sina mengi ya kukuomba. Mwanao ametoka kwenda kucheza. Kumbuka maneno uliyomwambia mlangoni. Kama ni yale yale tunayoyasema sisi sote, usingoje arudi. Vaa viatu, mfuate uwanjani, umwambie njia ya nyumbani iko wazi.