Ingelise Krogsgaard, Aliyekataa Kuusingizia Ukuta

Marehemu Ingelise alizaliwa Lemvig tarehe 9 Novemba 1956, mtoto wa kwanza wa seremala Holger na mkewe Ragna. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mdogo wake Villy, anayewasomea haya, ana ushahidi wa kutosha, ila hatautoa wote mbele ya kasisi.

Alisoma sekondari Struer, kisha fizikia Kopenhageni, akahitimu mwaka 1981. Miaka miwili baadaye alianza kazi ya kuunda na kupima vifaa vya kunasa miale ya gama kutoka kwenye nyota zinazokufa. Hewa yetu huizuia miale hiyo, hivyo kifaa lazima kipelekwe angani. Kabla ya hapo alikipima ndani ya boma la kuzuia miale ya nje, lililojengwa kwa madini ya risasi kuukuu yaliyotolewa kwenye paa la kanisa, maana risasi mpya nayo hutoa miale yake.

Tarehe 14 Agosti 1982 aliolewa na Aksel, mwokaji mikate. Jikoni Ingelise alibaki mgeni hadi mwisho.

Machi 2017 alikutwa na saratani. Madaktari walimpa mwaka mmoja na nusu, na kifaa chake cha mwisho kilikuwa kirushwe Septemba mwaka huo. Mwezi Juni, akipitia vipimo vilivyofanywa nje ya boma, aliona miale kidogo ya ziada. Wote walisema inatoka kwenye ukuta wa zege wa maabara, kama kawaida, maana zege nayo hutoa miale kidogo. Akakiingiza kifaa ndani ya boma la risasi. Miale ikabaki vilevile. Ilitoka kwenye kioo cha ndani ya kifaa chenyewe, alichokichagua yeye mwenyewe.

“Kidogo hivyo kitamdhuru nani?” mwenzake Preben alimwuliza. “Nyamaza tu, kiende.”

“Huko juu hakuna ukuta, Preben. Tutamsingizia nani?”

Mezani Aksel alimwambia, “Mke wangu, ukiandika barua ya kukiri kosa, safari ya kifaa itasogezwa. Hutaiona.”

“Najua. Nisogezee viazi.”

Aliandika kwamba kosa ni lake. Kioo kikabadilishwa, safari ikasogezwa hadi Mei 2019. Siku alipoarifiwa tarehe hiyo alilia ndani ya gari, kisha akaenda kazini. Alifariki nyumbani, Roskilde, tarehe 22 Januari 2019, akiwa na miaka 62. Inatuuma kwamba kifo hakikumngoja aione safari hiyo.

Ameacha mume, Aksel, watoto, Signe na Jeppe, wajukuu watatu, mdogo wake Villy, na kifaa kimoja kisicho na kasoro, ambacho bado kiko duniani. Dada, umekitangulia. Pumzika kwa amani; Mei kinakufuata.